Kipindi cha dini: uliza kabla kimya chako hakijahesabiwa

Ndoo ya maji, kopo, na foleni ya watoto wa darasa la nne nyuma ya jengo la skuli. Ulikuwa mtihani wa vitendo wa udhu, kule kujiosha kabla ya sala. Mtoto wa jirani yangu alipata tisa kati ya kumi, akakatwa moja kwa kusahau kupangusa masikio. Alirudi nyumbani mbio na daftari mkononi, anacheka, amwoneshe mama yake.

Mama yake ni Mkristo. Ametoka bara, kazi ya hoteli ndiyo iliyomleta Unguja, na tunapakana ukuta. Jioni ile alikuja kukaa na mimi barazani, daftari kalishika. Hakugomba. Alinambia tu, "Dada, mimi sina neno na dini yenu. Lakini mbona hakuna aliyeniuliza?"

Nilinyamaza, kwa sababu mwenye makosa ya mwanzo nilikuwa mimi. Siku alipokwenda kumwandikisha mtoto aliniuliza kipindi cha dini kinakwendaje, nikamjibu kwa wepesi: wewe andika dini yako kwenye fomu, wenyewe watajua la kufanya. Fomu ilijazwa, ikatiwa kwenye faili, na faili likatiwa kabatini.

Kesho yake tulikwenda skuli pamoja. Mwalimu wa dini ni kijana mpole, nilimwona hata yeye limemshtua. Alisema mtoto mwenyewe alinyoosha kidole, alitaka kufanya kama wenzake. Kisha akaongeza, "Na mama tangu Januari hajasema kitu, nikajua ameridhia."

Hapo ndipo penye kisa chote. Sisi tumezoea kwamba mwari akiulizwa akanyamaza, kimya chake ndiyo idhini yake. Lakini hata kwenye ndoa mwari huulizwa kwanza. Kimya cha mtu ambaye hakuulizwa si ridhaa, ni kimya tu.

Mwenzangu wa Zanzibar unayesoma hapa unaweza kuona ni jambo dogo, maana kwetu Dini ya Kiislamu ni somo kwenye ratiba ya skuli za serikali, sawa na Hisabati, tena lina mtihani. Bara mambo ni tofauti, na elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano, kila upande unasimamia ya kwake. Kule skuli za serikali zina vipindi vya dini, na kila madhehebu hutarajiwa kuleta mwalimu wake. Niliishi huko miaka mitatu mume wangu alipohamishwa kikazi. Ustadhi wetu akija wiki moja, mbili haonekani. Siku asiyokuja, mwanangu na Waislamu wenzake wachache waliambiwa wakae nyuma kwenye darasa la mchungaji wasizurure uwanjani. Nililijua hilo siku niliyomsikia anaosha vyombo huku anaimba wimbo wa Jumapili, kwa sauti nzuri kwelikweli. Moyo wangu ulifanya vile vile ulivyofanya wa jirani yangu. Nilipokwenda kuuliza nikajibiwa kwamba walidhani sijali.

Kwa hiyo nasema na wote wawili, aliye wachache huku na aliye wachache kule. Nenda mwanzo wa mwaka, kabla ratiba haijabandikwa, uonane na mwalimu wa darasa na mwalimu wa dini mwenyewe. Usiitegemee fomu, wala usimtume mtoto maneno.

Ukifika, swali lako lisiwe "mnafundisha dini?" Jibu lake unalijua. Uliza mtoto atafanya nini. Kujua nguzo tano za Uislamu ni zipi ni elimu, na mtoto anayekulia Unguja zitamfaa: atajua kwa nini mwenzake hali mchana wa Ramadhani na kwa nini mama mwenye duka analifunga kidogo adhana ikisomwa. Kushika udhu, kutamka shahada, kusimama kwenye safu na kusujudu ni kitu chengine, hiyo ni ibada. Jirani yangu alipotenganishiwa mambo hayo mawili alikubali la kwanza bila taabu na akalikataa la pili. Mwalimu naye alikubali. Nadhani tungekaa mwaka mzima tunabishana kama tungelibeba lote kwa neno moja, "dini".

Kisha uliza alama. Hili watu hulisahau mpaka ripoti itoke. Mtoto wa jirani muhula uliofuata hakufanya mtihani wa dini, ripoti ikaja na kistari pale penye alama, lakini jumla yake iligawanywa kwa masomo yote. Kutoka wa tano akawa wa kumi na tisa. Alilia siku mbili. Ilirekebishwa, kwa kalamu nyekundu na kwa maneno mengi. Basi uliza mapema: wastani wake utagawanywa kwa mangapi? Na kipindi kile atakaa wapi, na nani? Mtoto kuwekwa nje chini ya mwembe kila kipindi ni adhabu, hata kama hakuna aliyeikusudia.

Wazazi Waislamu, msije mkadhani haya hayawahusu. Mimi nimezaliwa Pemba, babu yangu alikuwa wa madhehebu ya Ibadhi, akisali mikono imeachiwa ubavuni. Nilipokuwa mdogo nilisimama hivyo hivyo skuli, mwalimu akaja akaishika mikono yangu akaikunja kifuani mbele ya darasa zima. Hakunipiga. Lakini mpaka leo naikumbuka ile mikono yake ilivyokuwa na chaki. Siku hizi namsikia mtoto akirudi kusema maulidi ya bibi yake ni bidaa, yaani uzushi katika dini, kaambiwa darasani, na bibi mwenyewe kakaa hapo hapo anachambua mchele. Na wewe una haki ya kwenda kuuliza: nyumbani tunasali hivi, chuoni kwenye Kurani anafundishwa hivi, nyie mtamwambia nini?

Nikitaja haki sisemi kwa ubabe. Katiba ya Zanzibar ya 1984 na ya Muungano ya 1977 zote zinalinda uhuru wa dini, tena zote kwenye kifungu cha 19, ni rahisi kukumbuka. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania imeuridhia tangu 1991, unasema kwenye kifungu cha 14 kwamba mzazi ana haki ya kumwongoza mtoto katika imani kwa kadiri anavyokua na kupata akili. Yajue, yaweke mfukoni. Ukianza nayo mlangoni kwa mwalimu mkuu, utakuwa umefungua kesi badala ya mazungumzo. Sisi tulianza na "shikamoo" na mambo yakenda.

Jirani aliandika barua kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari, mistari minne: mtoto akae darasani kwenye masomo ya sira, yaani maisha ya Mtume, na historia, asifanye ibada, siku za vitendo akae maktaba, na yeye aitwe likitokea jipya. Mwalimu aliikunja akaibandika kwa gundi ndani ya jalada la daftari lake la maandalio, ili hata akihamishwa atakayemfuata aikute.

Siku za vitendo sasa binti anakaa maktaba anasoma hadithi. Wangu, anayekaa naye dawati moja, kaja juzi kuniuliza kama na mimi naweza kumwandikia barua.