Muulize Fundi: Jeki inayoshuka yenyewe

SWALI: Nina jeki ya chupa ya tani 5. Inainua gari vizuri, ila nikiiacha kidogo inashuka polepole. Shida iko wapi? Na inawezekanaje mtu mmoja ainue mzigo wote huo kwa mkono?

JIBU: Tuanze na la pili, maana ndilo linalofungua la kwanza. Ndani ya jeki kuna pistoni mbili: ndogo inayosukumwa na mpini, na kubwa inayobeba gari. Kati yake kuna mafuta, nayo hayabonyei, kwa hiyo kanieneo (nguvu inayokandamiza kila kipande cha eneo) inayotoka kwenye pistoni ndogo hufika kwenye kubwa vilevile ilivyo. Tuseme ndogo ina kipenyo cha mm 10 na kubwa mm 30. Eneo la kubwa ni mara 9, basi nguvu nayo ni mara 9. Mpini wenyewe ni wenzo. Mpini huo ukizidisha nguvu mara 20, mkono wa kilo 25 unatoa kilo 4,500 (25 × 20 × 9), toa kidogo kinacholiwa na msuguano. Gharama yake ni mwendo: pistoni ndogo ikishuka mm 18, kubwa hupanda mm 2 tu. Kupandisha sm 10 ni kupampu mara 50.

Mafuta yanazuiwa yasirudi na goroli ndogo za chuma, pamoja na skrubu ya kushushia. Uchafu kidogo tu chini ya goroli, na gari linashuka. Tazama mpini wakati jeki imebeba mzigo. Ukijiinua wenyewe, goroli inayopitisha mafuta kwenda pistoni kubwa haizibi. Mpini ukitulia, kagua skrubu ya kushushia: huenda haijakazwa au kikalio chake kimelika. Mafuta yakionekana shingoni mwa pistoni kubwa, sili (mpira unaozuia mafuta yasivuje) imekwisha. Kwa goroli chafu, mwaga mafuta yote, safisha, jaza mapya pistoni ikiwa imeshuka kabisa, hadi usawa wa tundu la kizibo. Kisha fungua skrubu ya kushushia, pampu mara kumi hivi bila mzigo ili hewa itoke, ndipo ukaze.

Hadi itengenezwe, usiitumie. Na hata ikiwa nzima, jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia: zuia tairi zinazobaki chini kwa kabari, na usiingie chini ya gari kabla halijakaa juu ya stendi (vyuma vya kushikilia gari). Tofali si stendi. Hupasuka bila kukuonya.

SWALI: Mafuta ya jeki yamepungua. Naweza kuongeza ya breki?

JIBU: Hapana. Sili za jeki nyingi ni za mpira uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya haidroliki yatokanayo na mafuta ghafi. Mafuta ya breki ya kawaida huuvimbisha na kuulainisha, na jeki iliyokuwa inapungukiwa tu itaanza kuvuja. Dalili ya upungufu ni pistoni kupanda hadi mahali fulani kisha kugoma, hata ukipampu vipi.