Milingoti imedumaa kwenye nyasi: niongeze mbolea gani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Njombe. Mwezi Desemba nilipanda milingoti (mikaratusi) ekari 3. Ekari 1 ilikuwa shamba la viazi, nikalilima upya kabla ya kupanda. Miche sasa inanifika magotini. Ekari 2 zilikuwa malisho ya ng'ombe, nikachimba vishimo katikati ya nyasi. Huko miche haikui. Mwezi wa pili niliweka urea kiganja kimoja kila mche, mingine ikakauka, iliyobaki ni ya manjano. Niongeze mbolea gani iwahi wenzake?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Pole kwa hasara. Kwa sasa usiongeze yoyote.

Kwanza ng'oa mche mmoja uliodumaa pamoja na udongo wake. Nimeng'oa mingi ya namna hiyo kwenye malisho ya zamani, na karibu kila mara nakuta jambo lile lile: mizizi bado ina umbo la kiriba (kile kifuko cha nailoni cha kuoteshea mche), imejizungusha kama kata ya kubebea ndoo, na ukuta wa shimo unang'aa kama chungu. Udongo wetu mwekundu ukichimbwa ukiwa umelowa chepechepe, jembe linausiriba ukuta wa shimo. Nje ya ukuta huo kuna ardhi iliyoshindiliwa na kwato miaka mingi. Mzizi mchanga ukigonga hapo unageuka, unaanza kuzunguka. Mche unakuwa umepandwa ndani ya chungu, hata ukiwa shambani.

Halafu kuna nyasi, na mlingoti mchanga hauwezi kabisa kushindana nazo. Mizizi yao imeshika udongo wa juu wote, kwa hiyo maji na naitrojeni vinaishia kwao. Urea yako imenenepesha nyasi. Na ile iliyorundikana shinani imeunguza mizizi, ndiyo maana mingine imekauka.

Kwenye ekari ya viazi usidhani ni jembe peke yake. Bila shaka viazi ulivipandia mbolea. Fosfeti, chakula cha mizizi kilichomo kwenye mbolea ya kupandia, haisombwi na mvua kirahisi, inang'ang'ania udongo, na sehemu ya ile ya viazi ndiyo inayolisha milingoti yako leo. Udongo ulifunguka, nyasi hazikuwepo, na chakula cha mizizi kilikuwepo tayari.

Sasa fanya hivi. Wiki hii piga visahani: safisha duara la mita 1 kuzunguka kila mche mpaka udongo uonekane. Nyasi ulizokata zitandaze, zisiguse shina. Kisha chukua sululu, pasua ardhi pande mbili za mche, umbali wa sentimita 25 hivi kutoka shinani, ili mizizi ipate pa kutokea. Usilime karibu na shina.

Mche ukitoa majani mapya na mvua zikiwa bado zipo, weka mbolea ya DAP (yenye fosfeti na naitrojeni) gramu 50, sawa na vizibo 10 hivi vya soda: 5 upande huu, 5 upande wa pili, kwenye vitobo vya kina cha sentimita 10, umbali wa sentimita 15 hadi 20 kutoka shinani, kisha fukia. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 ekari ina miche kama 450, kwa hiyo hata nusu ya mfuko wa kilo 50 haiishi. Mvua zikikatika kabla ya hapo, mbolea itunze mpaka msimu ujao.

Kwa miche ya kurudishia palipokauka, chimba mashimo mwezi Oktoba au Novemba, udongo ukiwa haujalowa, sentimita 40 kila upande. Udongo wa juu uweke kando, urudi chini kwenye mizizi. Siku ya kupanda kata kitako cha kiriba kwa sentimita 1 na uondoe nailoni yote. Samadi iwe imeoza kabisa, mbichi inaunguza.

Ile ekari nzuri nayo iangalie kiangazi. Ukiona ncha zinakufa na mche unachipua matawi mengi kama kichaka, huo ni upungufu wa boroni (madini ambayo mti unayahitaji kwa kiasi kidogo sana), tatizo la kawaida kwa milingoti inayokimbia. Weka boraksi, chumvi yenye boroni, gramu 10 kwa mche, mara moja, mvua zinapoanza. Ipime kwa mizani, usikadirie kwa kiganja. Boroni ikizidi kidogo tu ni sumu.