mv inasema hakuna faili "Ripoti", wala "ya", wala "Mei.pdf"

Ndugu, skripti yako ya bash, ya kuhamishia faili za PDF kwenye folda nakala kwa amri ya mv, ina makosa mawili. La kwanza ni kitanzi chako, `for f in $(ls *.pdf)`. Bash, programu inayosoma na kuendesha amri zako, hukata matokeo ya ls (amri ya kuorodhesha faili) kila penye nafasi, kwa hiyo jina "Ripoti ya Mei.pdf" limeshakuwa vipande vitatu kabla mv haijaguswa. La pili ni `mv $f nakala/` bila alama za kunukuu, ambayo ingelikata jina tena hata kitanzi kingekuwa sawa. Andika hivi:

`for f in *.pdf; do mv -- "$f" nakala/; done`

Hiyo `--` ni kinga kwa majina yanayoanza na kistari. Usitumie `'$f'`: ndani ya nukuu moja bash haigusi kitu, mv itatafuta faili linaloitwa $f, basi.

Skripti nzima ipitishe kwenye ShellCheck, programu ya kukagua makosa ya skripti. Onyo lake SC2086 huhusu kigeu (kama $f) kisicho na nukuu. `bash -n` haitakusaidia hapa, maana inakagua sintaksia (kanuni za kuandika amri) tu, na mstari wako kisintaksia ni halali kabisa (inaudhi, najua). Ukitaka kuona vipande vyenyewe, endesha kwa `bash -x`.