Huna hela ya jimu? Anza na dumu la maji

Nikizunguka uwanja wa mtaani kwetu asubuhi na madumu mawili mkononi hakosi mtu wa kuniuliza kama bomba la kwangu limekatwa. Halijakatwa jamani, ni mazoezi. Mi shida yangu ilikuwa nipande ngazi mpaka ghorofa ya nne na mtoto begani bila kuhema, kifua cha kuvalia tisheti ya kubana sijakikataa ila kitakuja chenyewe, so nikaachana na mashine nikawa nafanyia mazoezi vile vitu ambavyo mwili unafanya kila siku yaani kuchuchumaa, kunyanyua kitu chini, kusukuma, kuvuta na kubeba.

Kama ndo unaanza, anza na kiti. Kaa, simama bila kushika popote, visigino visibanduke, mara kumi afu pumzika, raundi tatu. Ukiona imekuwa rahisi toa kiti. Usikimbilie kichurachura cha shule, ile ilikuwa adhabu, magoti yaliyokaa ofisini miaka yote hayako tayari kurukaruka vile. Pushapu anzia ukutani, ukizoea hamia ukingo wa kitanda ndo baadaye ushuke chini, kuna wanaume hapo wanaona aibu sijui ya nini, matokeo yake wanapiga pushapu kiuno kinaning'inia.

Sasa dumu, hapa ndo penyewe. Lita moja ya maji ni kilo moja kwahiyo dumu la lita 5 likijaa ni kilo 5, ukitaka uzito zaidi chukua dumu kubwa, basi. Unapolinyanyua usipinde mgongo, sukuma makalio nyuma, kunja magoti kidogo, dumu liwe karibu na miguu, kaza tumbo, simama. Ukishazoea beba upande mmoja tu utaona mbavu za upande wa pili zinavyofanya kazi kukuzuia usilale. Na dumu la nusu linasumbua kuliko uzito wake, maana maji yanachezacheza kila hatua na mwili inabidi ujizuie muda wote. Mpini unakata vidole, zungushia kitambaa.

Kwa kuanzia mara mbili tatu kwa wiki inatosha, siku nyingine tembea. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki na siku mbili za kukaza misuli, so hata kushuka daladala kituo kimoja kabla na kutembea harakaharaka kunahesabika. Kesho yake na kesho kutwa mapaja yatauma, hasa ukishuka ngazi, hiyo kawaida. Maumivu ya kuchoma ndani ya goti au kifuani siyo kawaida, acha hapohapo uende hospitali. Wenye presha muulizeni daktari kwanza, na msibane pumzi mnaponyanyua, itoeni kwa nguvu hata kwa sauti kama makuli wa Kariakoo na gunia.