Jibu: Presha ya mzee, sukari au kidonge?
Ndugu, umeuliza kama presha ya mzee imepandishwa na sukari au na glibenclamide, kidonge cha kisukari anachomeza. Mimi ningeanza kuishuku sukari. Utando wa ndani wa mshipa hutoa naitriki oksaidi, gesi inayofanya msuli wa mshipa ulegee. Ugunduzi huo ulipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Sukari ikikaa juu muda mrefu, gesi hiyo huharibiwa kabla haijafanya kazi, mshipa unabaki umekaza na presha hupanda. Ndiyo maana wanaume wengi wenye kisukari hulalamikia nguvu za kiume mapema, wakakimbilia mitishamba badala ya kupima.

Glibenclamide hufunga vijitundu vya kupitishia potasiamu kwenye seli za kongosho ili insulini, homoni inayoshusha sukari, itoke. Vya jamii hiyo vipo pia kwenye msuli wa mishipa, na vikifungwa mshipa hukaza, kwa hiyo wasiwasi wako una msingi, ingawa hilo peke yake halitoshi kueleza presha. Kuna dawa nyingine za kisukari: gliclazide hulenga kongosho zaidi. Metformin haigusi vijitundu hivyo, na empagliflozin hushusha presha kidogo.

Asiache kidonge kienyeji. Akapime HbA1c (kipimo cha damu cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu) na figo, kisha amuulize daktari kuhusu kubadilishiwa.