Theluji inaliwa, ila andaa kila kitu kabla hujatoka nje

Dada, umeuliza kama ni salama watoto kula theluji, na kama mnaweza kuitengenezea kitu kitamu nyumbani bila mashine ya aiskrimu. Umesema pia una mtoto mdogo ambaye hajafikisha mwaka. Kwetu hii ni kazi ya familia nzima kila majira ya baridi, wakubwa kwa wadogo, kwa hiyo nitakueleza tunavyofanya.

Nianze na theluji yenyewe, maana ikiwa chafu hata ukiongeza vanila chupa nzima haisaidii. Theluji ikishuka hupitia hewani ikizoa vumbi na masizi, ndiyo maana ile ya mwanzo huwa chafu kuliko inayofuata. Iache ianguke saa moja au mbili, hewa isafike, halafu utege. Nasema utege kwa sababu sisi hatuchoti chini. Tunatoa bakuli pana lililooshwa vizuri, tunaliweka juu ya meza mahali pa wazi, mbali na miti, mabomba ya moshi na paa linalodondosha maji. Watoto wanapokezana dirishani kuangalia limejaa kiasi gani, na kusubiri huko nako ni sehemu ya raha.

Kando ya barabara usithubutu. Kuna chumvi inayomwagwa ili barafu iyeyuke, kuna mafuta na moshi wa magari, na yale magari ya kusukuma theluji yanachanganya yote hayo na udongo. Siku ya upepo mkali tunaacha pia, kwa kuwa upepo unainua vumbi la chini na kulirudisha kwenye bakuli. Iliyolala tangu jana tunaichezea tu. Rangi iwe nyeupe tupu. Huko milimani mkikuta theluji yenye rangi ya pinki, msiile hata kama inavutia: rangi hiyo ni ya mwani mdogo usioonekana kwa macho, na inaweza kuvuruga tumbo.

Kama mnaishi katikati ya jiji lenye moshi mwingi, ruka aiskrimu ya theluji na kile kitamu cha shira juu ya theluji, nenda moja kwa moja kwenye ile njia ya mfuko nitakayoieleza chini. Kwa njia hiyo theluji hailiwi kabisa, inafanya kazi ya kugandisha tu.

Sasa aiskrimu. Kipimo chetu ni vikombe 8 vya theluji mpya kwa kopo moja la maziwa mazito yenye sukari, lile la gramu 397, na kijiko kimoja cha chai cha vanila. Usishtuke kuona theluji ni nyingi. Theluji mpya sehemu kubwa ni hewa. Kwa kawaida sentimita 10 za theluji zikiyeyuka hubaki kama sentimita 1 ya maji. Ukikoroga, rundo lote linanywea mbele ya macho yako, kwa hiyo weka bakuli la pili la theluji pembeni la kuongezea. Usipokuwa na maziwa ya kopo, chukua kikombe 1 cha maziwa ya kawaida, theluthi moja ya kikombe cha sukari, vanila ileile na chembe ya chumvi, ukoroge mpaka usisikie punje ya sukari chini ya kijiko. Mapishi mengine yanataka yai bichi. Sisi hatutii, si salama kwa watoto na utamu hauhitaji.

Jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote ni hili: theluji iingie mwisho, ikute kila kitu kimeshakuwa baridi. Sukari ikikutana na barafu hushusha kiwango chake cha kuganda, kwa hiyo theluji inaanza kuyeyuka papo hapo hata kama jikoni ni baridi. Bakuli la kukorogea likae kwenye friza nusu saa, maziwa yawe yametoka kwenye friji, na vikombe na vijiko viwe mezani kabla mtu hajafungua mlango wa nje. Ukianza kutafuta vijiko theluji ikiwa tayari imo, mtakunywa maziwa baridi.

Mwagia maziwa juu ya theluji kidogo kidogo, huku mwingine akigeuza kwa mwiko kutoka chini kwenda juu. Usipige kwa nguvu. Mwanzoni utasikia mwiko ukikwaruza na utaona chembe zinang'aa. Kisha mng'ao unazimika, rangi inakuwa ya krimu, na sauti ya kukwaruza inapotea. Hapo hapo simama, gawa, mle. Mnaotaka kokoa, iyeyusheni kwenye maziwa kabla, kwa sababu ukiinyunyiza juu ya theluji inashikana madonge. Na msiweke akiba: ikilala kwenye friza inakuwa jiwe, kwa kuwa haikuchapwa kama aiskrimu ya mashine na maji yake huganda upya kwa mabonge makubwa.

Kitamu cha pili, na mimi ndicho ninachokipenda zaidi, ni shira juu ya theluji. Huko Quebec nchini Kanada na Vermont nchini Marekani ni desturi ya mwishoni mwa baridi, wakati utomvu wa mti wa mepo (maple) unapogemwa. Utomvu huo ni maji maji sana. Kama lita 40 huchemshwa kupata lita 1 ya shira, kwa hiyo tumia kwa heshima. Chemsha shira kwenye sufuria yenye kina, kwa sababu inafura. Tone la siagi hutuliza povu. Ikifika nyuzi 113 hadi 115 za Selsiasi, epua. Kama huna kipimajoto, dondosha tone kwenye maji baridi: likitengeneza kidonge laini kinachobonyezeka kwa vidole, imeiva. Imwage kwa mistari juu ya sinia ya theluji iliyoshindiliwa vizuri, subiri kidogo, kisha kila mtoto azungushe mstari wake kwenye kijiti. Inavutika, inanata menoni, na ubaridi wa theluji unaipa ladha ambayo shira ya kwenye chupa haina. Vermont wanaila pamoja na achari ya matango, na ule uchachu kweli unakata utamu, jaribuni.

Lakini sufuria ni ya mtu mzima peke yake. Shira inayochemka inashika kwenye ngozi na kuendelea kuunguza, si kama maji yanayotiririka. Watoto wasogee pale tu sufuria imesharudi jikoni.

Ile njia ya mfuko ni hivi: nusu kikombe cha maziwa yenye krimu, kijiko kimoja cha mezani cha sukari na vanila kidogo kwenye mfuko mdogo wa zipu, ukiwa umefungwa kisawasawa. Uweke ndani ya mfuko mkubwa uliojaa theluji na nusu kikombe cha chumvi ya mawe. Chumvi inaishusha theluji chini kabisa ya sifuri, na mchanganyiko wake ukikaa sawa unaweza kufika karibu nyuzi 21 chini ya sifuri, kwa hiyo vaeni glavu, msishike kwa mikono mitupu. Tikiseni dakika 5 hadi 10 mkipokezana. Kabla ya kufungua, suuza mfuko mdogo kwa maji baridi upande wa nje, vinginevyo chumvi itaingia ndani.

Kuhusu mtoto wako mdogo: asali asipewe kabisa mpaka atimize mwaka, hata iliyochanganywa kwenye kitu kingine, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu ulio hatari kwa watoto wachanga. Na kwa umri wake vitu hivi vya sukari havimfai bado. Mpe theluji kidogo kwenye kibakuli aishike akiwa amepakatwa, wakubwa wakiendelea kula.