Ukienda Sligo kwa ajili ya sanaa, anzia nje

Wageni wengi wanaofika kaunti ya Sligo, kaskazini-magharibi mwa Ireland, wanamfuata mshairi W. B. Yeats. Wanapiga picha kaburi lake pale Drumcliff, wanautazama mlima Benbulben, kisha wanarudi kwenye basi. Mimi naishi Dublin, na nikipata nafasi napanda treni ya kwenda Sligo, safari ya kama saa tatu, ili kuangalia mawe yaliyochongwa na picha zilizochorwa. Ndugu zangu mnaoishi Ireland au mnaopanga kuitembelea, nawasihi mfanye vivyo hivyo. Tena msianzie kwenye jumba la sanaa. Anzieni nje, hata kama mvua inanyesha.

Tuanze na palepale Drumcliff. Katika uwanja huohuo wa kanisa, hatua chache kutoka kwenye kaburi la mshairi, umesimama msalaba mrefu wa jiwe wenye umri wa miaka elfu moja hivi. Hapa palikuwa na monasteri, na jengo lake jingine lililobaki ni kisiki cha mnara wa duara ng'ambo ya barabara. Watu wanaupita msalaba huu wakiharakisha kwenda kaburini, jambo linaloniumiza sana, kwa sababu hakuna kazi ya mikono ninayoipenda zaidi katika kaunti nzima. Adamu na Hawa wamesimama kando ya mti, nyoka amejizungusha kwenye shina. Danieli yuko kati ya simba. Kuna simba mwingine aliyechongwa akatokeza nje ya jiwe kana kwamba anataka kuruka, na upande wa pili yuko mnyama ambaye wengi wanamtambua kuwa ngamia. Mchongaji wa pwani hii ya baridi huenda hakuwahi kumwona ngamia hata siku moja, lakini alithubutu.

Sasa sikiliza jambo la mwanga, maana ndilo litakaloamua kama utaona kitu au hutaona. Upepo na mvua vimelilamba jiwe hadi nakshi zimekuwa za chini mno. Jua likiupiga uso wa jiwe moja kwa moja, kila kitu kinalala. Unachotaka ni jua linalopita kando, linalokwaruza jiwe na kuacha kivuli kwenye kila mkunjo. Basi uso wa mashariki uangalie jua linapokaribia kufika kusini, na uso wa magharibi uuangalie muda mfupi baada ya hapo. Ukipanga kuwepo kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri utazipata nyuso zote mbili. Siku ya mawingu nenda tu, ila ukae zaidi na uzungukezunguke. Na chukua penseli. Sizungumzii ufundi wa kuchora. Mkono unapofuata mstari, jicho linalazimika kuuliza mkono wa Hawa unaishia wapi, na ndipo unapoona.

Carrowmore, nje kidogo ya mji wa Sligo, inadai uvumilivu wa namna nyingine. Ni makaburi ya mawe yenye umri wa zaidi ya miaka 5,000, na takriban 30 bado yanaonekana mashambani. Ukitafuta michoro ya kuvutia utaondoka ukinung'unika. Sanaa yake iko katika mpangilio: mawe makubwa yamesimamishwa kwa miduara, na mengi ya makaburi hayo yanaelekea kwenye kaburi kuu la katikati. Kwa hiyo usikimbilie kila kaburi. Simama kwenye moja, angalia linakoelekea, halafu inua macho. Juu ya mlima Knocknarea, wenye urefu wa mita 327, utaona kichuguu kikubwa cha mawe kinachoitwa kaburi la Maeve, malkia wa hadithi za kale za Ireland. Kina kimo cha mita 10 hivi na hakijawahi kuchimbwa na wanaakiolojia. Njia ya kupanda ipo na si ngumu, ila ukifika juu usikanyage rundo lenyewe, usiondoke na jiwe, wala usiongeze lako. Kila anayepanda juu yake analibomoa kidogo.

Mjini kwenyewe, pitia abasia ya Wadominikani iliyoanzishwa mwaka 1253. Paa halipo tena, lakini madhabahu kuu ya jiwe ya karne ya 15, yenye nakshi kwenye paneli zake, bado iko mahali pake. Hiyo ni bahati kubwa katika nchi ambayo makanisa ya watawa yalivunjwa na kuchomwa mara nyingi. Kuna pia kaburi la ukoo wa O'Crean la mwaka 1506 lenye watu wadogo waliochongwa. Majira ya baridi pamefungwa, kwa hiyo hakikisha kabla ya kwenda.

Hapo ndipo uingie The Model, shule ya zamani iliyojengwa mwaka 1862, ambayo sasa ni jumba la sanaa lenye mkusanyiko wa picha wa Niland. Jina hilo ni la Nora Niland, mkutubi wa kaunti, aliyeanza kuzikusanya mwishoni mwa miaka ya 1950. Mkutubi! Namheshimu mwanamke huyu kuliko matajiri wengi wanaonunua picha, kwani aliona kwamba kazi za Jack B. Yeats, mdogo wa yule mshairi W. B. Yeats, zinapaswa kuwepo Sligo. Jack alizaliwa London mwaka 1871 lakini alilelewa Sligo kwa babu na bibi yake. Mwaka 1924 aliipatia Ireland medali yake ya kwanza ya Olimpiki, fedha, katika mashindano ya sanaa yaliyokuwemo wakati huo, kwa mchoro wa waogeleaji katika mto Liffey. Mchoro huo uko Dublin. Sligo kuna wa wanawake waliosimama barabarani wakiwapazia sauti wafungwa walio juu katika mnara wa gereza. Pia kuna "Leaving the Far Point" wa mwaka 1946, ambamo Jack, mkewe na mjomba wake wanatembea ufukweni Rosses Point, rangi zikiwa nzito na zimepakwa kwa nguvu.

Picha hizo za uzeeni ziangalie kwanza kutoka mbali, kisha sogea karibu, kisha rudi nyuma tena. Ukiwa umetoka Knocknarea na upepo bado uko masikioni, utaelewa kwa nini anga yake haitulii. Lakini picha hubadilishwa ukutani, kwa hiyo waandikie The Model mapema uwaulize zipi zinaonyeshwa wiki hiyo. Na ukitaka kuchora humo ndani, omba ruhusa, utumie penseli tu. Kalamu ya wino iache mkobani.